Usiikate Beti ya Bi Esha

Faza, Jumamosi

Kwa kaka yangu mpendwa Enoki,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo, na mtoto meno yamekwisha kutoka? Baba je, kile kikohozi kimemwacha apumue? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai mahali pamoja. Barua hii nimeianza asubuhi, nikaiacha nikaenda kufua, nikairudia, nikaiacha tena, nikawa nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sasa nimefunga mlango na nimeketi, maana mashua ya posta inaondoka kwenda Lamu maji yakijaa, na lazima barua hii iwemo.

Shule inaendelea hivyo hivyo. Maji ya kisima cha hapa bado sijayazoea, chai yake ina chumvi kidogo, nami huinywa kama dawa. Watu wananiita Bi Mwalimu na wananitunza, ingawa wanajua mimi ni Mkristo wa bara. Tangu mashifta, wale wenye bunduki wa mpakani, waanze kusumbua bara ya huku, watu wa vijiji vya ng'ambo wamehamia kisiwani na mikeka yao na mbuzi wao, na darasa langu limejaa mpaka madirishani. Hakuna anayejua atarudi lini kwake. Mashua ikisikika inakuja, kila mtu hutoka nje kuuliza habari, na mimi hutoka nao, kana kwamba nami ninalo konde ng'ambo ninalolingojea.

Mmoja wa waliohamia ni Bi Esha, mwenye utenzi wa mvua ulioutia muziki. Habari zake sikukuandikia kwa urefu, basi sikia. Ni mjane wa Mkokoni, hakujaliwa mtoto. Alikuwa na konde la mtama na kisima chake mwenyewe. Sasa anakaa kwa mpwa wake hapa Faza, katika chumba cha ndani, na hana hata jembe. Uliponiandikia nikutafutie mashairi ya mvua na miti, yasiwe ya harusi wala ya mapenzi, wanawake wote walinielekeza kwake. Alikuwa ameutunga utenzi huo baada ya kuhama. Msichana mmoja wa pale akausoma kwa sauti kutoka herufi za Kiarabu, nami nikauandika kwa herufi zetu nikakuletea.

Nota zako zilipofika, nilimwimbia. Piano hapa haiko, kwa hiyo nilifanya kazi yako na yangu. Nikapiga matone ya mvua kwa vidole juu ya kasha lake, na ule upepo wa mkono wa kushoto nikauvumisha kwa pua. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Esha akanisimamisha.

"Mbona kinanda chatangulia, nami siyanena neno?"

Nikamwambia piano hutangulia kumtengenezea mwimbaji njia.

"Haya," akasema, "wingu nalo hutangulia. Endelea."

Kaka, aliupenda. Nakwambia ukweli, aliupenda. Pale unapopandisha sauti mvua ikigonga mikoko, alifumba macho akashika mkono wa mpwa wake. Nikaimba mpaka mwisho, nikagonga yale matone yako ya mwisho yanayokwenda yakififia. Nikanyamaza. Yeye akaendelea kungoja.

"Imekwisha, Bi," nikamwambia.

"Haiyesha. Jina langu li wapi?"

Ndipo nikaelewa umeikata beti ya mwisho. Sikuwa nimetambua, maana nilikuwa nafuata nota tu. Nakuandikia tena hapa ili usiseme umeisahau:

*Kaditama nikomee,*
*msomi usipotee,*
*mimi Esha niombee*
*kwa Mola wetu Karima.*

Juma moja kabla ya hapo nilikuwa katika chumba kile kile, wanawake wakisomewa utenzi wa mwanamke aliyekufa zamani sana. Msomaji alipofika kwenye jina lake, alitua. Wakainua mikono wote, wakamwombea, wakasema amina, kisha wakaendelea na mazungumzo ya samaki. Hakuna aliyemjua. Walichokuwa nacho ni jina lake tu mwishoni mwa beti.

Bi Esha hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniambia polepole, "Mwanangu, mimi sikuzaa. Konde langu limeota magugu, na kisima siyui kama kina mai. Wenye wana, wana wa kuwaombea. Mimi nina utenzi huu. Mukilikata jina langu, n'takwenda ndia ya kaburini bila mtu wa kunisindikiza."

Hayo nilikugusia kwa kifupi nikakuomba uirudishe beti, na jibu lako nimelipata Alhamisi. Unasema hapana. Unasema mvua imekwisha na wimbo umekwisha. Kwamba beti hiyo haina mvua wala mti ndani yake. Kwamba ni dua ya Kiislamu na ukumbi wa Nairobi nitakamouimba Agosti utajaa watu wa kila namna. Na kwamba ule mwisho wa piano peke yake ndio kitu kizuri kuliko vyote ulivyowahi kutunga. Hilo la mwisho nakubali. Mengine yananiudhi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na ndivyo unavyomtenda mama wa watu. Ungemkata jina lau angekuwa ameketi safu ya mbele na buibui lake? Na sisi kila Jumapili si tunawaombea wagonjwa tusiowajua, tukitajiwa majina tu? Mungu hajawahi kutuuliza ni wa dini gani.

Nimekufikiria njia. Beti hiyo piano inyamaze. Niiimbe mimi peke yangu, kwa sauti ile ile waliyonifundisha wanawake wa hapa, halafu nikimaliza, wewe uingie na matone yako mpaka yafifie. Hutapoteza hata nota moja. Utakachopoteza ni kiburi kidogo, nacho unacho cha kutosha, hata wifi anajua.

Sasa nikwambie kinachonikosesha usingizi. Jana nilikwenda kwa Bi Esha kumpa jibu lako. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno ya kukataa kwa adabu. Nilipovua viatu tu mlangoni akaniuliza, "Nduguyo amenena nini?"

Nikasema, "Amekubali."

Sijui neno hilo lilivyotoka. Nilimtazama usoni likatoka. Kabla sijalirudisha, alikuwa amekwisha inua mikono. Akaniuliza jina lako, nikamwambia. Akaniuliza jina la mama yetu, nikamwambia. Akakuombea afya, akaviombea vidole vyako, akakuombea watoto wa kukuzika na kukukumbuka, hao asiowapata yeye. Chumba kizima kikasema amina. Nami nikasema amina.

Ukikataa tena, tafuta mwimbaji mwingine wa likizo ya Agosti, na mimi nitabaki huku nikimkwepa Bi Esha katika vichochoro ambavyo havina pa kukwepea. Lakini kwanza jiulize utamrudishia vipi dua yake.

Nisalimie Baba, na mwambie asivute tena sigara za yule jirani wa reli. Nisalimie wifi yangu na umbusu mtoto kwa ajili yangu. Shangazi wa Njoro mwambie kitenge chake nimekipata Lamu. Mwalimu wetu wa kwaya mpe mkono wangu. Bi Esha naye anakusalimu, kwa jina lako na la mama.

Nimesema umekubali, kaka. Kubali.

Mimi dada yako,
Rasoa