Mkwe Wangu Ameimba Ndani ya Biti Yangu, na Hana Habari

Shangazi Twaiba, shikamoo, na baada ya salamu nakuomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nina furaha iliyoniletea mashaka, na hapa nyumbani sina wa kumwuliza kwa sababu mwenye jibu ni mkwe wangu, na mkwe haulizwi.

Mimi ni mlinzi wa usiku katika nyumba moja ya wageni huko Diani, lakini mchana, nikishalala kidogo, mimi ni mtu wa muziki, na muziki wenyewe hautoki studio ya mtu, unatoka chumbani kwangu Ukunda, kwenye simu hii hii ninayokuandikia. Shangazi, ungeona mwenyewe! Nimeweka app ya kutengenezea biti, nimenunua kifaa chenye vibonyezo vya mpira, nimekiweka mezani, ukigonga hiki kwa kidole kinalia ngoma, ukigonga kile kinalia kayamba ya amu yangu niliyoirekodi mwenyewe, chote kimeunganishwa na simu kwa waya mmoja tu, maikrofoni nimeifunga kwa raba kwenye mti wa chandarua, godoro nimelisimamisha ukutani lizuie mwangwi, na masikioni navaa hedifoni ili nisimsumbue mtu, kwa sababu tumejaliwa mtoto wa kiume na mke wangu Dama bado ni mzazi wa siku chache.

Basi mamake Dama ametoka Mkongani kuja kumwangalia mzazi na kumwogesha mtoto, na heshima ya mkwe kwetu waijua, simtazami usoni, hatuli pamoja, chumbani kwangu hakanyagi, na akiwa na neno nami anamwambia mtoto, “Mwambie baba makaa yamekwisha,” nami nasikia naenda kununua, na mtoto mwenyewe hata kucheka hajajua. Juzi alasiri nilikuwa narekodi, maikrofoni ikanasa sauti yake kutoka chumba cha pili akimbembeleza mtoto, na nilipoisikiliza, wallahi nywele zilinisimama! Aliimba hivi:

“Lala mjukuu wangu, lala,
baba yako apiga meza,
apiga meza, apiga meza,
mama yako hana pa kujilaza.”

Nadhani ni wimbo wa kale. Nikakata kile kipande cha “apiga meza, apiga meza” nikakizungusha kiwe kiitikio, na ajabu ni kwamba sikukivuta wala kukibana, kilikaa juu ya biti yangu sawasawa kana kwamba tulifanya mazoezi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi maishani mwangu, nimekisikiliza mpaka simu imezima.

Rafiki yangu Jacktone, DJ wa hoteli moja, mtu wa bara, nimemtumia, naye ananiambia, “Buda, hiyo ngoma ni moto. Tuiachilie Ijumaa. Mathe hatajua, kwani ako online?” Nilipompigia Dama aisikie, alicheka, kisha akaniuliza, “Tsuma, maneno umeyasikiliza?” Nikamwambia ni mazuri sana. Akajifunika leso usoni akaondoka. Na mimi natamani mkwe aimbe tena, maana kwenye ile rekodi tuktuk imepita katikati, lakini atarudi kwao wiki ijayo na siwezi kumkabili. Niutoe wimbo Ijumaa kama ulivyo, au nifanyeje?

Tsuma, Ukunda

*

Marahaba, Tsuma. Barua yako nimewasomea wenzangu hapa, na wamecheka mpaka chai imepoa. Hongera ya mtoto, na hongera ya biti pia, maana mtu anayejenga studio kwa raba na mti wa chandarua si mvivu. Sasa vua hizo hedifoni unisikilize.

Wimbo wa kale gani, mwanangu, wenye meza yako ndani yake? Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mkwe wako akiwa na neno nawe humwambia mtoto. Ya makaa uliyasikia, ukaenda dukani. Haya ya meza ameyaimba, wewe ukayafanya kiitikio! Hedifoni zinaziba masikio yako, hazizibi ukuta. Vidole vyako vikigonga vile vibonyezo, meza inatikisika, na chumba cha pili wanasikia du-du-du alasiri nzima. Ndiyo maana sauti yake ilikaa sawasawa kwenye biti. Alikuwa anakuimbia wewe, kwa mdundo wako, kwamba bintiye aliyejifungua juzi hana pa kujilaza kwa sababu godoro lake umelisimamisha ukutani. Tsuma! Godoro la mzazi!

Sikulaumu kwa kupenda muziki, nakulaumu kwa kusikia sauti ukaacha maneno. Na huyo Jacktone mwambie kwamba kama mama hayuko mtandaoni, wajukuu na majirani zake wako. Siku Mkongani nzima itakapomsikia akimsema mkwewe kwenye simu za watu, aibu itakuwa yake kabla haijawa yako, na Dama ndiye atakayekaa katikati. Ijumaa haitoki kitu.

Leo hii, kabla ya kugusa app, godoro lirudi kitandani. Ukutani tundika blanketi zito na leso kuukuu, mwangwi utapungua vya kutosha. Kifaa chako kiweke juu ya mto, mapajani, meza uiache ya kulia chakula, na mzazi akilala nawe pumzika.

Kisha jibu kwa njia ile ile uliyoambiwa. Mchukue mtoto, kaa naye mlangoni mahali ambapo bibi yake anasikia, umwambie mtoto, “Mwambie bibi nimesikia, anisamehe, na godoro limerudi.” Usimtazame, usiongeze hotuba. Atakapokuwa ametulia, Dama ampelekee jozi ya leso na ampigie ule wimbo, amweleze ulivyonaswa na unataka kuufanyia nini. Akikataa, ufute, pamoja na kile ulichomtumia Jacktone, na usinune.

Akikubali, usimwite chumbani. Studio yako yote inaingia kwenye kikapu! Itoe uani, mtandikie mkeka, maikrofoni aishike Dama, simu izimwe mtandao isije ikalia katikati, nawe ukae nyuma ya ukuta na hedifoni zako, ukitaka irudiwe mwambie Dama, naye amwambie mama yake. Jaribuni kwanza kwa sauti ya Dama mpaka ikae vizuri, ndipo bibi aimbe, tena maneno achague yeye. Jina lake litangulie lako, na kabla haujatoka ausikie wote, mwanzo mpaka mwisho, aseme ndiyo kwa kinywa chake.

Fanya hivyo, na usiwe na haraka, Tsuma. Mwanamke aliyeimba vile akiwa amekukasirikia, hebu fikiria ataimba vipi siku ambayo binti yake ameshiba usingizi.