Siku Niliyofuta Akaunti ya Marehemu

Jumamosi, mchana. Agosti na upepo wake.

Vumbi limeanza tangu asubuhi. Mwenye kibanda hiki cha intaneti amefunga madirisha yote, hewa humu ndani we acha tu, lakini afadhali hivyo kuliko kula mchanga. Tuko watu watatu. Wale wawili ni wanafunzi wa chuo, wanasomeana barua pepe na kucheka. Mimi nimekaa kwenye mashine ya pembeni, macho yamevimba, na anayetaka kuniangalia na aangalie.

Sijaandika hapa kwenye shajara yangu ya mtandaoni tangu Mzee Chidawali afariki. Nimekuwa nikijiambia kwamba msiba umenifunga mikono. Uongo mtupu. Siku hizi kumi za mwisho kilichonifunga ni woga.

Basi leo nasema.

Kwa asiyejua kazi yangu (mama yangu mwenyewe mpaka leo anawaambia majirani kwamba natengeneza redio): ofisi yetu inachimba visima vya maji vijijini, na mimi ndiye msimamizi wa kompyuta. Seva iko hapa mjini, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Vituo vyetu vya Mpwapwa, Kondoa na Manyoni vinaifikia kwa laini ya simu. Kituo kinapiga, seva inakata, halafu seva yenyewe inapiga kurudi kwenye namba ya kituo niliyoiandikisha, ili mtu wa mitaani asijifanye ni wetu. Ndipo inauliza jina la mtumiaji na neno la siri. Nikiwa kwenye kiti changu naweza kufungua, kufunga, kutengeneza na kuharibu kazi iliyoko Mpwapwa bila kukanyaga Mpwapwa. Nilikuwa naringa sana na jambo hilo.

Mzee Chidawali alikuwa mkuu wa kituo cha Mpwapwa. Mgogo wa Gulwe, mrefu, fundi wa visima wa siku nyingi, mmoja wa wachache waliobaki wakati wenzake wanapunguzwa kazi. Alikuwa anaonja maji ya kila kisima kipya kabla kipimo hakijatolewa kwenye boksi, anatema, anasema, "Haya yana chumvi, hata mbuzi atakataa." Kipimo kikija kinakubaliana naye. Yote aliyaandika kwenye madaftari: kina, mwamba, ladha, kijiji, hata jina la mtu aliyewaonyesha mahali pa kuchimba.

Ni mimi niliyemtoa kwenye madaftari.

Nilimfundisha kompyuta kwa miezi mitatu. Nikifika pale kituoni ananiwahi na "Mbukwa!" kabla sijatoa shikamoo yangu, kisha anacheka jinsi mimi mtu wa kuja ninavyojiumauma kujibu Kigogo. Nikamwambia, "Mzee, karatasi huliwa na mchwa. Kompyuta haisahau." Akaniamini. Aliyaingiza madaftari yote kwa kidole kimoja, na alipomaliza akayapeleka nyumbani, yakatumika kuwashia moto jikoni masika kuni zilipolowa. Alinisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka naye.

Sasa kosa lilianza hivi. Sheria ya ofisi, ambayo niliiandika mimi, inasema kila mtumishi ana jina lake na neno lake la siri. Nilipeleka Mpwapwa bahasha nne, kila mtu na yake. Lakini pale kituoni Mzee ndiye aliyekuwa anafika wa kwanza. Anafungua mlango, anafungua madirisha, anafungua laini kwa jina lake, na wote wanafanya kazi humo humo kutwa nzima. Baba akishafungua mlango wa nyumba, mtoto gani atatoka nje ili abishe hodi kivyake? Agnesi, karani wake, aliniambia bila kuficha, "Dada Tumaini, nikiingia kwa jina langu nitaonekana namkimbia Mzee." Bahasha yake ilikaa kwenye droo haijafunguliwa.

Na mimi niliona. Miaka mitatu kumbukumbu za seva zinanionyesha jina moja tu kutoka Mpwapwa, wakati watu wanaofanya kazi ni wanne. Nilitakiwa kupiga kelele. Nikaona ni heshima nzuri, nikaacha.

Mei Mzee akaugua figo, Juni tukamzika. Akiwa bado kitandani alimpa Agnesi neno lake la siri ili kazi isisimame. Sheria yangu ile ile inasema mtu akiondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo! Nilikuwa nimesimama makaburini Gulwe, viatu vimejaa udongo, kwaya inaimba, ndiyo nirudi mjini nikamfungie mtu akaunti? Nikasema ngoja arobaini ipite. Kila asubuhi nikifungua kumbukumbu naliona jina lake limeingia kutoka Mpwapwa saa mbili kasorobo, kama kawaida yake. Nilijua ni Agnesi. Sikumkataza. Ukweli ni kwamba lilikuwa linanifariji.

Jumatano ya wiki iliyopita, arobaini imeshapita, nikasema leo ndiyo leo. Nilitaka jambo liishe haraka, kama mtu anayekwenda kung'oa jino. Nikachagua jina lake. Mashine ikaniuliza: nifute pia mafaili yote yaliyo mali ya mtumiaji huyu? Nikafikiria barua zake mbili tatu na ile picha ya wajukuu aliyoniomba nimwekee. Nikakubali, nikaenda kunywa chai.

Saa nne na nusu Agnesi akapiga simu. Dada, hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa.

Jamani. Kila walichoandika wale watu wanne kwa miaka mitatu walikiandika ndani ya jina la Mzee, kwa hiyo kwa seva kila kitu kilikuwa mali ya Mzee. Nilikuwa nimefuta wilaya nzima. Wapi maji ni matamu, wapi ni chumvi, wapi walichimba siku nane wakaambulia mwamba mkavu. Kuna vijiji vinasubiri mtambo wa kuchimba mwezi ujao, na hakuna anayeweza kuwaambia mafundi wasirudie pale pale penye chumvi. Aliyekuwa anajua yuko Gulwe chini ya udongo.

Nikakimbilia mikanda ya akiba yenye nakala za seva, ile ninayoibadilisha kila Ijumaa na kuiandika tarehe kwa kalamu nyekundu. Wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Kumbe vumbi lilishaingia ndani ya mashine ya mikanda sijui tangu lini, ikawa inazungusha mkanda tu bila kuandika chochote. Sikuwahi hata mara moja kujaribu kusoma nilichokuwa nahifadhi. Uliokubali kusomeka ulikuwa wa mwaka juzi, una robo ya visima.

Bado nina mkanda mkononi, bosi akasimama mlangoni. Alikuwa na swali moja: leo nani ameingia kutoka Mpwapwa? Nikachapa ukurasa wa walioingia, nikampa. Juu kabisa lilikuwepo jina la Mzee Chidawali, saa mbili kasorobo asubuhi.

"Huyu si tumemzika?" bosi akauliza.

Nikamjibu kwamba ni Agnesi, ndiye mwenye neno la siri la marehemu. Hakuna nilichodanganya. Lakini kulikuwa na ukurasa wa pili, wa amri zilizotolewa siku hiyo, na pale imeandikwa wazi kwamba saa nne na dakika tatu akaunti ilifutwa pamoja na mali zake zote, na aliyefuta ni mimi. Huo sikuuchapa. Pale ofisini hakuna mwingine anayejua hata kwamba upo.

Ijumaa Agnesi akasimamishwa kazi, akaambiwa ajieleze kwa maandishi.

Mimi nikaenda nyumbani, nikala, nikalala. Hilo ndilo linalonitisha. Nililala. Nilijiambia atapewa onyo tu, kwani si kweli alitumia jina la mtu mwingine? Nilijiambia kwamba mimi nina wadogo zangu wanaonitegemea, kama vile yeye alidondoka kutoka mbinguni hana ndugu. Jumapili nikaenda kanisani na nikaimba vizuri tu. Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Mimi sikutaka kuzaa, nilitaka kufunikwa.

Juzi Alhamisi bosi akaniwekea barua ya Agnesi mezani, eti niihakiki kitaalamu. Kurasa mbili, mwandiko wa shule ya msingi, umenyooka kama alitumia rula. Nilitegemea amejitetea. Nilitegemea hata amenitaja mimi, na nusu ya moyo wangu ilikuwa inaomba awe amenitaja.

Aliandika kwamba asubuhi ile laini ilikuwa inakatikakatika, akapandwa na hasira, akabonyeza kitufe mara nyingi bila kusoma kilichoandikwa kwenye kioo. Anadhani ndipo alipofuta. Anaomba radhi kwa ofisi, kwa wanavijiji na kwa marehemu aliyemwamini.

Aliamini! Tulimwambia amefuta, naye akatafuta kosa mikononi mwake mpaka akalipata.

Nikaisoma barua ile mara tatu. Bosi akapita tena akauliza kama ina mantiki kitaalamu. Nikamwambia nitampa jibu kesho yake.

Jana asubuhi nilichapa ukurasa wa pili. Nikaupeleka na barua yangu, mistari sita, maana nilipojaribu kuongeza maelezo niliona najipamba. Bosi akasoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Tumaini. Wewe?"

"Ni mimi, bosi. Agnesi hakugusa kitu."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. Aliniuliza kwa nini nimekaa na karatasi hii siku tisa. Kisha akasema Agnesi arudi kazini Jumatatu, na mimi niende nyumbani nisubiri. Nikamkabidhi funguo za chumba cha seva. Sijui kama nitazipata tena, na sioni kama nina haki ya kuzililia.

Nikampigia Agnesi kwa simu ya jirani yake pale Mpwapwa. Nikamweleza yote: arobaini, swali la mashine, chai, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili. Nilikuwa nalia, sifichi. Nilikuwa najiandaa anitukane, na wallahi ningeyapokea matusi yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mdogo wangu. Hata kidogo."

Kisha akaniambia kitu ambacho sijui nitakiweka wapi. Jumapili iliyopita, mimi naimba kanisani, yeye alikwenda Gulwe kwa mjane wa Mzee Chidawali. Alipiga magoti uani, mbele ya watoto na wajukuu, akasema kwamba kazi yote ya mumewe, ya maisha yake yote, ameifuta yeye kwa uzembe. Mama yule alilia sana. Baadaye akamwinua, akamwambia yameisha mwanangu, akaingia jikoni akamsongea ugali wa uwele na mlenda. Wakala pamoja.

"Nililia, nikala, nikasamehewa," Agnesi akasema. "Sasa dada, mimi siwezi kurudi kule kumwambia kwamba sikuwa mimi. Atadhani najitoa lawamani. Itabidi uende wewe."

Aliniaga vizuri, akarudisha simu kwa mwenyewe.

Bosi nilimpa karatasi, ikasema badala yangu. Kule Gulwe karatasi haitanisaidia. Mama yule hajui seva ni nini wala amri ni nini, na hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba mumewe alikuwa na madaftari, akaja binti mmoja kutoka mjini akamwambia ayaache.

Wale wanafunzi wamesharudi chuoni. Vumbi limetulia kidogo. Kesho kuna basi la Mpwapwa la alfajiri, na nimeshamwambia dada yangu asinisubiri kwa chakula cha Jumapili. Tangu nimekaa hapa najizoesha cha kusema, midomo inachezacheza, mwenye kibanda ananiangalia kama mgonjwa.

Nitafika uani. Nitasema shikamoo, mama. Ataitikia marahaba mwanangu, karibu, maana ndivyo alivyo, na atanitafutia kigoda.

Halafu nitaanzia wapi?