Yatima mwenye mama

Shoga, kaka yangu kaumbuka! KAUMBUKA!

Si unajua anavyorap kwamba yeye ni yatima, kalelewa na mtaa? Leo ukumbi umejaa, watu wanamshangilia. Kafika tu pale kwenye "sina mama, sina baba"...

Mama huyo jukwaani, na mkoba wake begani! Sijui nani alimwambia. (Haya, ni mimi.)

Kamnyang'anya maiki. "Yatima gani anafuliwa soksi na mama yake?"

SOKSI, shoga! Mbele za watu!

Kaka ananong'ona, "Mama, unaniharibia kazi."

"Kazi? Asubuhi nani alikuamsha?"

Ukumbi mzima hoi kwa kicheko.

Sasa kajifungia chumbani, anasema muziki basi. Promota kapiga, kaka kapokea mbio.

Jamaa anaomba namba ya mama.