Kofia ya Sitini

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa Sitini,

Salamu zikufikie hapo ulipo, ukiwa umekaa au umesimama kwenye mashine. U hali gani? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia? Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa goti la kushoto, hili la kukanyagia cherehani, ambalo siku hizi linalia kuliko cherehani yenyewe.

Nimepata kazi ya kofia mia na ishirini za shule. Vichwa vya watoto ni vidogo, hamsini na mbili, hamsini na tatu, nikimaliza kupima nacheka peke yangu. Unakumbuka siku nilipokuzungushia futikamba ukiwa na miaka kumi na minne, ikagota sitini? Mteja aliyekuwa amekaa pale akasema, "Huyu siyo wa kofia, huyu ni wa sufuria." Tangu siku hiyo mtaa mzima ukalisahau jina alilokupa mama.

Kofia niliyokushonea unaivaa? Nakuomba kama ninayekuomba mbele ya altare, usimwazime mtu, usiiloweke kwenye maji. Ikichafuka ifute tu kwa kitambaa. Sababu unaijua, nami naijua, inatosha.

Bahasha yako ya mwisho ilifika imegandishwa mara mbili, gundi juu ya gundi. Nimejiambia labda ni mvua. Ila moyo haujanielewa.

Andika, mdogo wangu. Nakuombea asubuhi na jioni.

Dada yako

27 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua, nakula na kulala. Pole kwa goti. Lipake kitu cha moto, na hizo kofia za shule zigawe na fundi mwenzako, usijiue.

Nimehamishiwa mashine ya kuvalisha chupa za soda vizibo. Hapa kiwandani tunasema tunazivalisha kofia. Kwa hiyo usijisifu tena kwamba fundi kofia wa ukoo ni wewe. Wewe mia na ishirini kwa wiki mbili, mimi elfu nane kabla ya chai.

Mtunza stoo wetu ni mzee aliyewahi kufundisha, tunamwita Mwalimu. Maagizo yote ukutani yameandikwa kwa Kiingereza, na kizibo kimeandikwa kepu. Nikamwambia, "Mwalimu, si na hii ya kichwani ni kepu? Hawa wenye lugha wameishiwa maneno?" Akanijibu, "Wewe hujaona kitu." Akaanza kunihesabia huku anapanga makreti. Kifupa cha mbele ya goti, hilo goti lako, ni kepu. Kichwa cha uyoga ni kepu. Kile kibaruti cha bastola ya kuchezea, kinachopiga "pa!" watoto wakakimbia, ni kepu. Mchezaji akiichezea timu ya taifa mara kumi, wanasema ana kepu kumi, maana zamani walipewa kofia kweli. Na mtu akiwekewa ukomo, kwamba mshahara wake hauvuki hapa, huo ukomo nao ni kepu. "Hiyo ya mwisho unayo tayari," akaniambia, "ila haionekani kwenye kioo."

Anasema hapo mwanzo, katika Kilatini, neno hilo halikuwa kofia. Lilikuwa joho, lile refu lenye kifuniko cha kichwa. Likazaa watoto, wakatawanyika. Mmoja ndiye huyo kepu. Mwingine alipitia kwa Wareno akatufikia sisi, ndiyo chapeo mnayoisikia kanisani. Mwingine akawa neno lao la kikanisa kidogo. Inasimuliwa kwamba askari mmoja wa zamani alilikata joho lake katikati akampa maskini nusu, na nusu iliyobaki ikatunzwa, na mahali ilipotunzwa pakaitwa kwa jina la hilo joho. Nilipoisikia hiyo nikasema, dada yangu ataipenda.

Na mtoto mmoja wa hilo joho ni neno lao la kutoroka. Mtu kakamatwa joho, anajivua, anakwenda zake. Mshikaji anabaki na nguo.

Msimamizi wetu ni mtu mwenye huruma. Barua zetu hutusomea yeye kwanza, wasiojua kusoma na tunaojua pia. Vitambulisho vyetu kavifungia kabatini kwake visipotee. Getini kuna walinzi wawili ili wageni wasitusumbue, na sisi tusiwasumbue walio nje. Jirani yangu wa mashine ya tatu —————————— ———————— ——————————————— ————————.

Msimamizi amesema niandike kwamba tuko salama. Tuko salama.

Mdogo wako,
Sitini

16 Machi

Mdogo wangu Sitini,

Marahaba, baba. Nimefurahi kuona mwandiko wako, nikaubusu kabla ya kuusoma. Afya yangu si mbaya. Usingizi ndio umenihama.

Mistari miwili ya barua yako ilifika imepakwa wino mweusi. Niliibandika karatasi kwenye kioo cha dirisha jua linapopiga, nikapata neno moja tu, vidole. Nimekaa nalo hilo neno siku tatu. Nikishika mkasi naliona, nikishika mkate naliona. Naomba uniandikie kwamba vya kwako ni kumi.

Nakusalimu na wewe, ndugu msimamizi, kwa kuwa najua umetangulia kufika hapa. Huyu unayemsomea barua nilimbeba mgongoni tangu mama alipotutoka, na kazi ya kofia nilianza ili yeye asome. Sina mwingine. Mungu anayeona mpaka ndani ya kabati akubariki kwa kadiri unavyowatendea.

Hadithi ya yule askari niliwasimulia kina mama wa kwaya, mmoja akatoa machozi. Hiyo ya mtu anayeacha joho mikononi mwa watu sikuwasimulia. Niliiweka kwangu, nikamkumbuka Yusufu wa Maandiko, aliyeacha vazi lake mikononi mwa mke wa bwana wake akatoka mbio. Sikujua kama nifurahi au niogope. Niliogopa.

Sasa nisikilize kuhusu kofia. Ikianza kukubana, bitana usiivute, itararua kitambaa. Kata uzi kwa wembe, tundu moja uache tundu moja, kama nilivyokufundisha ukiwa unalia unataka kwenda kucheza. Ukimaliza urudishie vizuri, pasionekane. Na kipande cha mbele kikikosa kitu kigumu ndani, kofia italala kama sikio la mbwa, kila mtu ataona. Usisahau hilo.

Shangazi anakusalimu. Anasema kitanda cha mgeni bado kimetandikwa.

Nijibu.

Dada yako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza tena, hujambo? Hii ni ya tatu bila jibu. Ile ya tarehe 3 imerudi, haijafunguliwa. Haikunifurahisha, kwa maana zilipokuwa zinafunguliwa angalau nilijua bado yupo anayefunguliwa barua zake.

Nilikwenda posta mwenyewe. Yule dada wa dirishani akaniambia, "Mama, kuna watu hawajibu barua kwa sababu wana raha." Nikamwambia mdogo wangu raha haimjui. Akanirudishia pesa ya stempu, akainamisha macho.

Cherehani imenishinda wiki hii. Nimeshona mdomo wa kofia ya mlinzi wa benki nyuma mbele. Kwa miaka ishirini na sita sijawahi.

Kama kuna mtu anaisoma hii badala yako, namwomba aandike neno moja tu nyuma ya bahasha. Yupo, au hayupo.

Dada yako

14 Mei
Kwa sanduku la posta la shangazi

Mdogo wangu Sitini,

Kama barua hii iko mikononi mwako, basi Mungu amenisikia, na salamu zangu zote zimekwisha hapo. Hujambo? Umekula? Kifua? Mimi nipo, naandika kwa haraka, vumilia mwandiko.

Naandika huku kwa sababu ya makubaliano yetu mlangoni siku uliyoondoka, kwamba njia ikiharibika, ni kwa shangazi. Shangazi hajakuona. Amesema barua ataiweka chini ya mto wa kile kitanda.

Juzi asubuhi waliingia dukani wanaume wawili. Mmoja alivaa shati safi, ameshika bahasha yangu, ndiyo iliyowaleta. Mwingine mlinzi, mnene, na kichwani kwake kulikuwa na kofia yako.

Nilishika meza.

Wa shati akasema, "Wewe ndiye fundi kofia? Mdogo wako yuko wapi?"

Nikamjibu, "Hilo swali ni langu, baba. Alikuja kwenu ana viungo vyote."

Mlinzi akacheka, akajishika kisogo. "Mwezi uliopita nilimdaka hapa, getini, lori la makreti linatoka. Nikajua huyu nimemtia mkononi. Kuangalia, nimeshika kofia, mwenyewe amepitia chini ya lori."

Mwenzake akamkatiza. "Mama, hii umeishona wewe?"

Unanijua, uongo siuwezi, ungeonekana usoni. Nikasema, "Nimeishona mimi. Fundo la uzi mwekundu ndani ni langu, silikani."

"Basi unajua na kichwa chake kilipo."

"Mimi najua kofia zangu. Vichwa vinatembea."

"Akija utatuambia?"

"Akija nitapiga magoti nimshukuru Mungu. Mtasikia hadi huko mliko."

Ndipo yule mlinzi, sijui ni upumbavu wake au ni malaika wako, akavua kofia na kuniwekea mezani. "Mama, kwa kuwa ni fundi, hii inanishuka mpaka machoni. Nipunguzie."

"Tumekuja kazini au kushonewa?" mwenzake akafoka.

"Dakika kumi tu, bosi. Nyumbani wananicheka."

Nikampima. Hamsini na sita. Nikaishika kofia, kidole gumba kikapita mbele, kikakuta kitu kigumu. Nikasema moyoni, cheti bado kimo. Cheti chako cha kuzaliwa, nilichokifunga kwenye plastiki nikakishona humo kwa sababu nilisikia kiwanda hicho kinachukua vitambulisho, na mtu asiye na karatasi hana pa kujitetea. Kumbe mdogo wangu yuko barabarani bila jina, na jina lake limeletwa hapa kichwani mwa mlinzi. Nikajilaumu. Ningekushonea kwenye mkanda, kwenye kiatu, popote pasipokamatika kirahisi namna ile.

Sasa nifanyeje? Nikikiacha, watakwenda nacho. Nikikitoa, wanaona. Nikawaambia, na ni kweli kabisa ya ufundi, "Nikipunguza nyuma peke yake mdomo utapinda. Lazima nifungue na mbele." Mlinzi akasema fungua.

Nikaigeuza. Uzi haukuwa wangu. Ulikuwa uzi wa gunia, mnene, umepita tundu moja ukaacha tundu moja, umerudishiwa taratibu na mkono wa mtu asiye na haraka. Mkono wako. Nilitaka kulia hapo hapo, nikajifanya natafuta subana. Nikafungua kidogo, nikaingiza kidole. Haikuwa plastiki. Vilikuwa vizibo vya soda, vitatu, vimepondwa vikawa bapa kama majani, vimepangwa vizuri vishike kipande cha mbele kisilale.

Kimoja kikaniponyoka, kikalia mezani.

"Nini hicho?" Yule wa shati akasimama.

"Ugumu wa mbele," nikasema. "Huu umechoka. Naweka kadi mpya." Hapo sikusema uongo. Nikavitia vyote kwenye kopo la chaki, nikakata kadi, nikashona. Sijawahi kushona kofia nzuri kama ile, na sijawahi kuichukia kofia kama ile. Mlinzi akajitazama kwenye kioo, kushoto, kulia, akaniambia asante mama. Yule wa shati alipofika mlangoni akageuka. "Duka tumeshalijua," akasema, "tutapita tena." Nikasimama nikiangalia kofia yako ikishuka na mtaa mpaka kona.

Nilipofunga mlango nikamwaga kopo. Kizibo kimoja umekikwangua kwa msumari upande wa ndani, sitini. Nimekilalia tangu juzi. Kimenichora shavu.

Sasa angalau najua cheti ulikitoa mapema, kwa wembe na kwa akili yako, na ulipokamatwa hawakushika chochote zaidi ya kitambaa. Lakini kizibo hakiniambii lori lilikupeleka wapi, wala kama ulitoka chini yake mzima. Siku thelathini na kitu zimepita. Kila buti likipita nje nazima cherehani nisikilize, na kila nikizima naogopa kwamba ni wao, na naogopa kwamba si wewe.

Nimeanza kofia nyingine, namba ileile. Bitana sijaifunga.

Usiandike ulipo, na jina langu usiliweke juu ya bahasha, mpe shangazi. Andika mstari mmoja tu nijue ni mkono wako. Nijibu upesi, mdogo wangu.

Dada yako