Fuawe ya Marehemu

~~Mume wangu~~ Mjukuu wangu,

Chakula nimekifunika hapa mezani. Fuawe yako, hilo pande la kufulia chuma, imefika, iko nyuma ya mlango, usije ukajikwaa.

Asubuhi yule mzee wa vyuma chakavu aliileta mwenyewe kwa mkokoteni. Nafungua mlango, namwona kavua kofia. "Poleni na msiba, mama. Kijana aliniambia bibi yake aliyemlea kafariki, na alikuwa amemwahidi kwamba atajifunza kufua chuma. Nami nimelelewa na bibi. Nikampunguzia nusu ya bei."

Mimi nimesimama pale na unga mikononi, kumbe nimeshazikwa!

Ungesema tu kwamba hela hazitoshi. Si mimi niliyekutetea ulipokuwa ukigonga misumari juu ya jiwe, watu wakikucheka? Leo unaniua kwa ajili ya chuma cha kujifurahisha jioni?

Nami nikamjibu kwamba mimi ni dada wa marehemu. Nimedanganya uzeeni huu ili wewe usiaibike. Akanishika mkono, akaniombea maisha marefu. Hapo ndipo nilipolia, naye akadhani namlilia dada yangu.

Kuku wafungie kabla hujatoka. Fuawe usiiguse, nyundo nimeondoka nayo.

Ukishakula, njoo kwa huyo mzee. Utanikuta nimekaa kwenye benchi lake, na bado hajui mimi ni nani. Njoo unifufue, kwa mdomo ule ule ulionizika.

Bibi yako