Suti Iliyokataa Kuinama

Katubuka, Kigoma

Mjukuu wangu Hamisi,

Huku tu wazima. Goti la bibi yako limepata nafuu, nami bado naikalia cherehani asubuhi. Picha ya suti yako ya harusi nimeiona kwenye simu ya mama yako: kifungo kimoja, mifuko isiyo na vifuniko, hakuna pambo. Umeuliza kama imekukaa. Ukiwa umesimama, imekukaa.

Nilipokuwa fundi kijana Ujiji, nilimshonea suti kama hiyo karani mmoja, mgeni katika mkoa huu. Alikuwa anakwenda Kagunga kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Suti isiyo na pambo haifichi kosa la fundi, kwa hiyo niliibana mgongoni mpaka haikubaki na mkunjo hata mmoja. Niliringa nayo.

Wiki iliyofuata akairudisha. Haikuwa imechanika. Alisema alipofika mbele ya wazee alitaka kuinama kuwaamkia, kama alivyoelezwa kuwa tunafanya sisi Waha, mshono wa mgongo ukalia. Akaogopa, akabaki wima, akawapa mkono mmoja. Baba wa binti akauliza, "Huyu anaringa nini?" Posa ikaahirishwa.

Niliufumua mshono, nikaachia kitambaa kidogo. Kisha nikamwambia, "Haya, niamkie." Akainama vizuri. Tangu siku hiyo sijampima mtu kwa kumsimamisha tu.

Basi ivae, funga kifungo, uiname kama unaniamkia mimi. Ikikuruhusu, imekukaa.

Babu yako,
fundi wa Ujiji