Kopo Langu Halitupwi

Chumba cha Kuchapa,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu za moto kutoka nyumbani. U hali gani huko kwenye baridi yako? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwenye simu na kusingizia mtandao? Sisi ni wazima. Goti la Baba linamsumbua asubuhi, ila mdomo wake haujawahi kuugua.

Kompyuta uliyotuma imefika bila mkwaruzo. Ni nyepesi, nzuri, na wateja wanaisifu kuliko wanavyonisifu mimi. Asante sana. Shukrani zangu zinaishia hapo, maana nimekasirika.

Najua dada alikusimulia habari za kadi za harusi. Ni kweli. Baba wa bibi harusi alileta maneno kwenye flashi, yakiwa kwa aina ya herufi ambayo kompyuta yangu haikuwa nayo. Ikaweka nyingine pana, jina la binti yake likasukumwa upande wa nyuma, likakaa peke yake kama mtu aliyenuniwa. Nilizichapa upya mchana huohuo, na bibi harusi akaomba moja ya zile mbovu aje kuicheka uzeeni. Tangu siku hiyo kila mteja ananiletea kazi kwa PDF, faili inayokuja na herufi zake, na tunaitazama pamoja kwenye skrini kabla karatasi haijaingia. Yakaisha. Lakini wewe ukaamua kwamba mwenye kosa ni Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ukanunua nyingine, na ukaniletea fundi juu yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Umesahau mfumo niliokuwa nao zamani, ambao fundi huyohuyo alinibandikia nakala ya wizi? Ulijifunga katikati ya kazi ukidai namba ambayo hata yeye hakuwa nayo, na mwalimu mkuu amesimama mlangoni akisubiri mitihani yake. Nililia, kaka. Niliapa sitaomba tena ruhusa ya kufungua kazi yangu mwenyewe, nikahamia Linux.

Eti Linux haina programu za maana. Njoo ukae hapa siku moja. Barua za watu naziandika kwa LibreOffice, na faili zao za Word inazifungua vilevile. Picha ya pasipoti yenye kivuli naisafisha kwa GIMP, ambayo mwanzoni ilinitoa jasho, sikufichi, ila sasa mkono umeizoea. Kadi nazichora kwa Inkscape; hata ukizikuza ziwe bango, mistari haichakai. Zile video za mpira ulizomtumia Baba, zilizogoma kwenye simu yake, anazitazama kwa VLC pale pembeni yangu, na wateja wanamsaidia kushangilia. Zote ni programu huria, hakuna wa kuja kunifungia.

Jana fundi wako alikuja. Akasema umemwagiza abebe kompyuta yangu ya zamani, hilo unaloliita kopo, akalitupe, nami nitumie mpya kama ilivyokuja. Sikuinuka kwenye kiti. Nikamwambia kwamba wewe ni kaka yangu, si bosi wangu. Akamgeukia Baba, akitegemea mzee atamtetea mwanawe wa kiume. Baba akasimamisha mpira wake.

"Aliyenunua sufuria hapangi mboga," akasema. "Nenda salama, mwanangu."

Kaka, nakupenda, na hilo halina mjadala. Lakini chumba hiki nimekijenga kwa macho na vidole vyangu, na sitakubali kiendeshwe kwa simu. Ukitaka kunisaidia, niulize kwanza. Huyo fundi usimtume tena. Akitaka kuja, aje na kazi ya kuchapa na apange foleni kama wenzake.

Nisalimie wifi, na yule binti yenu Kibogoyo, umwambie shangazi anataka kuona meno mapya. Dada anakusalimu, japo umbea wake ndio umetufikisha hapa. Baba anasema uvae soksi. Mungu akulinde ugenini, akupe afya, na akupe na masikio.

Wako akupendaye bila kukutii,
Mdogo wako, Mpiga Chapa.

N.B. Barua hii nimeiandikia kwenye kompyuta yako mpya. Mfumo iliokuja nao nimeufuta leo asubuhi, nayo sasa ni Linux. Kopo nimempa Baba.